Ile senti ya tundu si ya Roma

Wiki hii nilikuwa niandike juu ya mambo mengine kabisa, lakini kuna kitu kimetokea kwenye bloki yetu na nimeona bora tuongee hicho kwanza.

Kijana mmoja wa hapa kwetu, jina nalificha, ameuza mbuzi wawili wa mama yake akanunua sarafu moja. Moja tu. Aliyemuuzia alimkuta sokoni, akamwambia ati hii ni pesa ya Roma ya zamani, pesa ya wakati wa Yesu, na kuna watu Kampala wanainunua kwa mamilioni. Kijana akarudi nyumbani anacheka peke yake. Siku ya tatu akanipigia simu: kaka, wewe unapenda historia, njoo utazame.

Nikaenda. Sarafu ni ya shaba, rangi ya kahawia, ina tundu katikati. Upande mmoja kuna taji, na kwa kuzunguka kuna maneno haya: GEORGIVS V REX ET IND:IMP. Upande mwingine kuna pembe za ndovu zimezunguka lile tundu, na maneno EAST AFRICA. Nikamuuliza, ndugu yangu, Roma gani hii yenye East Africa? Akanijibu alivyoambiwa: hayo ya Kiingereza wazungu waliyagonga baadaye walipoikuta. Halafu akanionyesha ile V. Unaona, hawakuandika U, wameandika V. Hicho ni Kilatini. Ni lugha ya Pilato.

Nilitaka kucheka, lakini sikucheka, kwa sababu mama mtu alikuwa amekaa pale mlangoni anatusikiliza. Na pia kwa sababu kwa hilo la V yule mwizi alikuwa anasema kweli. Ni Kilatini kweli. Mzee mmoja katekista hapa Ombaci, aliyepita seminari ujanani, alitusomea bila hata kuvaa miwani: Georgi wa Tano, Mfalme na Kaisari wa India. REX ni mfalme. IND ni India. IMP ni imperator, yaani kaisari.

Basi hii ni senti kumi ya Waingereza. Bodi ya pesa ya Afrika Mashariki ilianzishwa London mwaka 1919, na kuanzia 1921 shilingi ikawa pesa ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Senti za tundu zilitengenezwa kwa mamilioni. Wazee wengi hapa West Nile bado wanazo, kwenye kikapu, kwenye shanga, kwenye ufunguo. Wanasema tundu lilikuwa la kupitisha kamba, maana shati lenye mfuko halikuwa la kila mtu. Mbuzi wawili! Kwa mbuzi wawili ungepata gunia zima la senti hizo kama ungepita nyumba kwa nyumba ukiomba vizuri.

Lakini nikabaki na swali usiku ule. Kwa nini mfalme wa Kiingereza anaandika jina lake kwa Kilatini kwenye senti itakayotumiwa na mtu wa Koboko kununua chumvi? Huyo mfalme hakuwa Mroma. Mtu wa Koboko hakuwa Mroma. Lugha yenyewe hakuna aliyekuwa akiongea sokoni, si London wala Arua. Nikaanza kusoma kwenye simu, na niwaambie ukweli, nilimaliza bando yote ya wiki.

Jibu ni kwamba sarafu ya namna hii waliizoesha dunia Waroma, na kila mtawala aliyekuja nyuma yao akitaka kuonekana mkubwa alivaa nguo ile ile.

Waroma walikuwa na dhahabu na fedha kwa matajiri na kwa mshahara wa askari, lakini pesa ya kila siku, ya mkate na ya bafu, ilikuwa ya shaba. Kubwa iliitwa sestertio: inajaza kiganja, uzito karibu gramu 25, imetengenezwa kwa shaba njano, ile iliyochanganywa na zinki, kwa hiyo ikiwa mpya inang'aa kama dhahabu. Chini yake kulikuwa na dupondio, na chini zaidi ile waliyoiita as, ya shaba nyekundu. As nne kwa sestertio moja, sestertio nne kwa dinari moja ya fedha. Sasa fikiria nchi isiyo na gazeti, redio wala simu, na mtu wa kijijini hatamwona kaisari mpaka anakufa. Ila kila siku anamshika mkononi. Upande wa mbele kichwa cha kaisari, na kwa kuzunguka majina na vyeo vyake vimekatwakatwa ili vitoshe: IMP, CAES, AVG, PONT MAX.

Hapo kwenye PONT MAX nilisimama. Maana yake kuhani mkuu. Yaani yule anayekusanya kodi na kuamuru jeshi, huyo huyo ndiye mkubwa wa dini. Augusto alipokufa mwaka 14 wakamtangaza kuwa mungu, na kaisari aliyemfuata, Tiberio, akatoa sarafu za shaba zenye kichwa cha Augusto kimevaa taji la miale ya jua, na neno DIVVS, aliyefanywa mungu. Baadaye, tangu wakati wa Nero, miale ile ikawa pia alama ya dupondio, ili watu waitofautishe na as. Mungu akawa alama ya bei. Sisemi kwa kudharau, lakini mnaona wenyewe jinsi mambo yanavyozoeleka.

Sasa ile habari ya Injili tunayoijua wote, watu walipomletea Yesu dinari wakamuuliza juu ya kodi, naye akauliza sura ni ya nani. Mimi nimeisikia tangu utotoni, nikadhani ni swali rahisi tu la werevu. Kumbe dinari za Tiberio zilikuwa zimeandikwa kwamba yeye ni mwana wa Augusto aliyefanywa mungu, na upande wa pili kwamba yeye ni kuhani mkuu. Kwa Myahudi anayeshika amri ya kutotengeneza sanamu, kitu hicho mfukoni ni tatizo. Ndiyo maana sarafu ndogo za shaba zilizotengenezwa kule kwao hazikuwa na sura ya mtu. Zile za mfalme wao wa zamani Aleksanda Yanai zilikuwa na nanga upande mmoja na nyota upande mwingine. Wataalamu wengi wanadhani senti mbili za yule mjane wa hekaluni zilikuwa za aina hiyo, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba.

Na Pilato? Huyo ambaye mwizi wetu alimtaja bila kujua anachosema? Pilato alitoa sarafu za shaba kweli, kama mwaka 29 mpaka 31. Hakuthubutu kuweka sura ya kaisari, lakini aliweka fimbo iliyopinda ya waaguzi wa Kiroma na kijiko cha kumimina divai ya sadaka kwa miungu yao. Kwa hiyo mama wa Yerusalemu akienda kununua samaki anashika vyombo vya ibada ya watu wengine. Hakuna aliyemlazimisha kusali. Alilazimishwa tu kununua samaki.

Nimefika sasa kwenye sarafu ambayo ndiyo iliyonifanya niandike. Mwaka 70 Waroma waliivunja Yerusalemu na hekalu likachomwa. Kuanzia mwaka 71 Kaisari Vespasiani akatoa sarafu nyingi, za dhahabu, za fedha, na zile sestertio kubwa za shaba. Nyuma yake kuna mtende katikati. Chini ya mtende amekaa mwanamke, kichwa ameegemeza mkononi, analia. Upande mwingine wa mtende amesimama kaisari mwenyewe na mkuki, au mateka mwanaume aliyefungwa mikono. Maneno: IVDAEA CAPTA. Yudea imetekwa. Na chini herufi S C, kwamba Baraza la Roma limeidhinisha.

Niliikuza ile picha kwenye simu mpaka ikawa vidoto vidoto. Jamani, yule mwanamke amekaa vile vile. Mimi najitolea kuwatafsiria watu wanaofika wapya, na namna ile ya kukaa naijua. Mkono shavuni, mtu hatazami popote. Na mtu wa Roma alilipia mkate kwa mwanamke huyo miaka na miaka, mpaka sura yake ikalika kwa vidole vya watu. Sijui kama kuna aliyemtazama hata mara moja.

Kuna nyingine tuliyobishana sana juu yake kwenye kikundi chetu Jumamosi. Mwaka 348 hivi, wana wa Konstantino walitoa sarafu ndogo za shaba zenye maneno FEL TEMP REPARATIO, kwa maana ya kurudi kwa nyakati za heri. Zipo za picha mbalimbali. Moja inaonyesha askari anamchoma mkuki mtu aliyeanguka na farasi wake. Lakini moja inaonyesha kibanda, juu yake mti, na askari mwenye mkuki mkono mmoja, mkono mwingine amemshika mtu mdogo kama mtoto anamtoa ndani ya kibanda. Baadhi ya wataalamu wanasema ni habari ya Wafranki, kabila la mpakani, waliohamishwa na kupewa makazi ndani ya ardhi ya Roma.

Wengine kwenye kikundi wakasema, tazama, anamwokoa, anampeleka mahali pa usalama. Wengine wakasema anamteka. Mimi nilisema yote mawili yanaweza kuwa kweli. Dada mmoja akasema nyinyi wote mnaongea juu ya askari, huyo mdogo je, nani amemuuliza? Tukanyamaza kidogo, halafu mvua ikaanza tukakimbilia chini ya bati na mjadala ukaishia hapo.

Baba yao huyo Konstantino ndiye anayejulikana kwa kubadilisha dini ya dola, lakini ukifuata sarafu zake utaona hakubadilika kwa siku moja. Miaka mingi shaba zake zilimsifu Jua Lisiloshindwa, mungu mwenye miale, kama rafiki na mlinzi wake. Polepole Jua linatoweka. Halafu karibu mwaka 327 inatoka moja kule Konstantinopoli: bendera yenye herufi mbili za kwanza za jina la Kristo kwa Kigiriki, na ncha ya mti wake imemchoma nyoka. Nyuma ya msalaba bado kuna mkuki. Hilo mimi naliona, wewe unaweza kuona vingine.

Na msidhani haya ni ya Ulaya tu. Hapa kwetu upande wa Afrika, Aksum ya Ethiopia na Eritrea ilikuwa ikipiga sarafu zake yenyewe tangu karne ya 3, za dhahabu, fedha na shaba. Za mwanzo zina mwezi mwandamo na duara juu ya kichwa cha mfalme. Mfalme Ezana alipokuwa Mkristo katika karne ya 4, mwezi ukaondoka ukaja msalaba, na Aksum ikawa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kuuweka msalaba kwenye pesa. Kwenye baadhi ya shaba zao msalaba umepakwa dhahabu kidogo katikati, kitu ambacho Waroma hawakuwa nacho. Na kuna maneno kwenye shaba za Aksum ambayo nimeyapenda kuliko yote ya Roma. Yameandikwa Kigiriki, na maana yake ni kuomba jambo hili liwapendeze watu wa nchi. Kaisari hakuwahi kuniuliza kama napendezwa!

Pwani nako, masultani wa Kilwa walipiga shaba zisizo na sura ya mtu, kwa ajili ya dini. Sultani Ali bin al-Hasan aliandika jina lake upande mmoja, na upande wa pili kwamba anamtegemea Mungu, na pande zote mbili zinaishia kwa kina kimoja kama shairi. Sarafu tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye kisiwa kimoja kaskazini mwa Australia. Nani alizifikisha kule, watu bado wanabishana.

Turudi West Nile. Eneo hili la Arua na Koboko lilikuwa ndani ya Lado, ambayo Leopold wa Ubelgiji alikodishwa mwaka 1894. Alipokufa mwishoni mwa 1909 likaenda Sudan mwaka 1910, na mwaka 1914 likaletwa Uganda. Miaka ishirini, serikali tatu. Leopold naye alikuwa na sarafu zake za shaba za Kongo, za tundu pia, na herufi L yenye taji imerudiwa kuzunguka tundu. Sudan ilitumia pesa ya Misri, yenye sahihi ya Sultani wa Istanbul. Wajerumani kule Tanganyika waliandika rupia zao GUILELMUS II IMPERATOR, Kilatini tena, imperator tena. Mkulima wa hapa aliyekuwa na majembe na mbuzi kama mali yake alitakiwa alipe kodi kwa pesa, na kuipata pesa vijana wengi wa West Nile walishuka kwenda kukata miwa Buganda na Busoga. Wakarudi na senti za tundu.

Hizo senti zina mambo yake ya kuchekesha. Mwaka 1936 Edward wa Nane alikuwa mfalme kwa miezi tu, hakutawazwa, akajiuzulu Desemba. Uingereza kwenyewe hawakuwahi kutoa sarafu zenye sura yake kwa matumizi ya watu. Lakini senti za Afrika Mashariki za 1936 zenye jina EDWARDVS zipo, zilitumika sokoni, maana palikuwa na tundu mahali pa uso, na hakuna aliyehitaji kusubiri mchoraji. India ilipopata uhuru mwaka 1947, ile IND:IMP ikaondolewa kwenye senti zilizofuata. Bibi wa hapa angeweza kujua kwamba India imetoka mikononi mwa Mwingereza kwa kuitazama tu pesa ya chumvi, kama angejua Kilatini.

Waroma pia walijua kufuta. Kaligula alipouawa, baraza liliamuru shaba zenye sura yake ziyeyushwe. Karakala alipomuua ndugu yake Geta, katika miji mingine ya Mashariki sura ya Geta ilikwanguliwa kwenye sarafu, na mpaka leo utaona kichwa kimoja kinamtazama mtu asiyekuwepo. Mzee mwenye kiwanja ninapokaa nilipomwonyesha hiyo picha hakushangaa. Alisema noti za Amin zilikuwa na sura ya Amin tangu 1973, na Amin alipoondoka 1979 zikaja noti mpya zenye picha ya jengo la Benki. Mwaka 1980 yeye na watu wake walikimbia Zaire, kwa sababu askari walikuja kulipiza kisasi kwa watu wa West Nile. Wengine waliobaki walikimbilia hapa hapa misheni ya Ombaci, na tarehe 24 Juni 1981 waliuawa hapa. Nyote mnapita pale kwenye kumbukumbu. Zaire alikuta pesa nyingine na sura nyingine, Mobutu. Akaniambia, nyinyi mnatoka kule tulikokimbilia, mnakuja huku tulikotoka, na mnauliza habari za Roma.

Sikuwa na la kumjibu, nikamsaidia kubeba maji.

Sarafu za Uganda za leo hazina sura ya rais. Mia ina ng'ombe mwenye pembe ndefu, mia mbili samaki, mia tano korongo. Lakini geuza: kuna ngao ya taifa, ngoma, mikuki, jua, na chini yake utepe unaosema kwa ajili ya Mungu na nchi yangu. Mimi mkimbizi nikinunua kasava nalipa na neno hilo, nchi yangu. Nimelipa miaka saba sasa.

Kwa wale watakaofuatwa na muuzaji kama huyo, maana nasikia yuko na Koboko pia: shaba za Roma hazikutengenezwa na tundu katikati. Hazina mwaka kwa tarakimu kama 1924. Hazina neno la Kiingereza. Na kuona Kilatini peke yake si ushahidi wa kitu.

Yule kijana nilimsomea haya yote kabla ya kuyaweka hapa, akakubali niandike. Muuzaji hajaonekana tena sokoni, na simu yake haipatikani. Mama hajasema neno kuhusu mbuzi. Jana nilipopita niliona ameipitisha ile senti kwenye uzi na kumfunga mjukuu kiunoni, pamoja na shanga, na mtoto alikuwa ameishika anajaribu kuitafuna.